Kwa wanaokwama Starfield, nisomeni hapa

Wiki hii watu watatu tofauti wamenipigia simu kuniuliza kitu kilekile, kaka hii Starfield mbona haiendi, na wa mwisho alikuwa binamu yangu wa Kigamboni ambaye aliinunua kwa hela ya mshahara wake wa kwanza, akacheza siku nne akaiweka pembeni, na mimi hiyo iliniuma kabisa kwa sababu alipokwama yeye ndipo nilipokwama mimi. Nikaanza kumrekodia voisi, nikaona imefika dakika kumi na mbili na bado hata sijagusa habari ya meli, nikasema basi ngoja niandike na wengine wasome.

Kwa ambaye hajaicheza kabisa, ni gemu ya kusafiri anga za juu ya Bethesda Game Studios, ilitoka 6 Septemba 2023 kwa PC na Xbox Series X na S, stori yake iko mwaka 2330, unaanza kama mchimba madini kwenye mwezi unaitwa Vectera, unagusa kipande cha chuma cha ajabu unazimia, ukizinduka anakuja jamaa anaitwa Barrett, maharamia wanavamia, mkimaliza kupigana anakuachia meli yake uende nayo mji wa New Atlantis. Baada ya hapo sayari zaidi ya 1,000 ziko wazi mbele yako na hakuna mtu wa kukushika mkono. Mimi napenda gemu za hivyo kuliko zote, lakini ndo hapohapo watu wengi wanapotea.

Nilivyokwama mimi ilikuwa hivi. Nilikuwa levo 12, pointi moja nimeweka kwenye bastola, moja kwenye leza, moja kwenye ngumi, moja kwenye dawa, moja kwenye jiolojia, yani kila skili yenye jina zuri niliionja. Meli imejaa mawe na chuma hadi haipokei tena, mfukoni sina hata kredit (hela ya gemu) elfu moja, na kila nikiruka kwenda mfumo mpya wa nyota nakuta maharamia watatu wananisubiri nakufa. Nikawa nacheza masaa matatu kwa usiku na sisogei. Siku moja hapa Tabata umeme ukakatika nikiwa nimetoka kumaliza kituo kimoja kirefu sana cha maharamia, sijasevu popote, nikakaa gizani na feni imezima nikawa nawaza kwamba hii gemu siichezi vizuri, shida haiko kwa maharamia. Kesho yake nikaanza mhusika mpya kutoka sifuri. Huyo ndo ninaye mpaka leo, yuko levo 41.

Tuanze na pointi maana hapo ndo mzizi. Skili ziko 82, kila moja ina ngazi 4, kwahiyo ukitaka zote unahitaji pointi 328, na kila levo inakupa pointi moja tu. Piga hesabu mwenyewe utaona kwamba ukionja kila kitu utakuwa mchanga kwenye kila kitu kwa muda mrefu mno. Halafu kuna jambo ambalo gemu inalisema harakaharaka na watu wanalipita: skili zimegawanywa makundi matano, mwili, kijamii, mapigano, sayansi na teknolojia, na kila kundi lina safu nne, safu ya pili haifunguki mpaka uweke pointi 4 kwenye kundi hilohilo, ya tatu pointi 8, ya nne pointi 12. Ukitawanya pointi huku na kule safu za juu zenye vitu vitamu unaziangalia tu kwa macho. Na pia huwezi kupandisha skili kwa pointi peke yake, kila ngazi ina kazi yake ya kufanya kwanza, mfano Piloting inataka uangushe meli 5 ndo uruhusiwe kwenda ngazi ya pili, Security inataka ufungue makufuli 5. Kwahiyo kama umeweka pointi kwenye kitu usichokifanya kila siku, hiyo pointi imelala.

Mimi mara ya pili niliamua kundi moja la kulikomalia ni teknolojia. Boost Pack Training ya kwanza kabisa kwa sababu bila hiyo lile begi la kurukia mgongoni halifanyi kazi hata kama umelivaa, na nusu ya kupona kwako kwenye mapigano ni kuruka juu ya paa ukapata hewa. Ya pili Piloting. Ya tatu Security ya kufungulia makufuli, maana masanduku na milango yenye kufuli ndo yenye vitu vya maana, beba digipiki, vile vifaa vya kufungulia makufuli, popote utakapoziona usiache hata moja. Hapo katikati nikaweka pointi moja kwenye Weight Lifting upande wa mwili, moja kwenye Persuasion upande wa kijamii, na silaha nikachagua aina moja tu, za risasi, nikaweka Ballistics na bunduki za leza nikawa naziuza hata zikiwa nzuri. Hii ya kuuza bunduki nzuri ndo watu hawaiwezi. Unapata leza kali unaona tamaa, unaweka pointi ya leza, kesho unapata shotigani unaweka pointi ya shotigani, wiki ikiisha huna unachokijua.

Persuasion niitetee kidogo maana binamu yangu anaona ni ya watu waoga. Kuna misheni kibao ambazo ukiongea vizuri unamaliza bila risasi hata moja na malipo unapata yaleyale. Wakati wa kushawishi majibu yana rangi, ya kijani ni rahisi na yanasogeza kidogo, ya manjano wastani, mekundu ni magumu lakini yanasogeza sana. Soma kwanza mtu unayeongea naye amekaaje, kisha jaribu la kati, usikimbilie jekundu kwa haraka.

Sasa mzigo. Jamani mzigo.

Mama yangu ameuza mitumba Karume miaka mingi, na mimi likizo zote za sekondari nilikuwa naamka naye alfajiri kwenda kufungua belo. Ukifungua belo watu wote wanarukia nguo kubwakubwa, makoti, majinzi, mama yeye anatoa blauzi nyepesi moja moja anazikunja pembeni, kwa sababu koti zito unalibeba mgongoni kutwa nzima mwishowe unaliuza elfu tatu, blauzi ishirini ziko kwenye mfuko mdogo na kila moja ina mteja wake. Miaka yote hiyo nilikuwa namuangalia na bado nilipoingia kwenye hii gemu nikafanya kinyume chake kabisa, nilibeba kila jiwe la chuma, kila kikombe, kila helmeti ya haramia. Mhusika wako akizidisha uzito, oksijeni yake inaisha akitembea tu, kaboni inapanda, na usiposimama inaanza kula afya yake. Meli ya kwanza, ile Frontier, nayo inabeba 450 tu, ukijaza mawe huna pa kuweka cha maana.

Kwahiyo nikarudi kwa mama. Kila kitu kwenye menyu kimeandikwa uzito na thamani, gawanya kichwani harakaharaka, mimi chochote ambacho thamani yake haifiki 100 kwa kila kilo moja nakiacha palepale chini hata kiwe kinang'aa. Risasi hazina uzito, chukua zote. Dawa nyepesi, chukua. Bunduki nyingi zinalipa, chukua zile usizotumia ukauze. Mawe na chuma yanakuja kuhitajika baadaye ukianza kutengeneza vitu, na hata hapo unaweza kununua dukani kidogokidogo kuliko kuhamisha mlima. Na vile unavyotaka kutunza kabisa, pale Lodge, jengo la Constellation, kile kikundi cha wavumbuzi unachojiunga nacho, una chumba chako na ndani kuna sefu isiyojaa, weka humo. Binamu yangu hakujua kabisa kwamba hicho chumba ni chake, alikuwa anakipita kila siku akienda kuongea na Sarah, kiongozi wa kikundi.

Kuuza nako kuna namna yake. Maduka mengi yana kredit 5,000 tu, ukishazimaliza unasubiri masaa 48 ya gemu ndo yajaze tena, na watu wanakaa kwenye benchi wanabonyeza kusubiri mpaka usingizi unawashika wao wenyewe. Nenda Venus. Siku ya Venus ni ndefu mno hata kwenye uhalisia, na gemu imeiheshimu hiyo, saa moja ya pale ni sawa na masaa 100 ya kawaida, unakaa kwenye kiti au unalala kitandani kwenye meli yako saa moja tu na maduka ya ulimwengu mzima yameshajaza hela. Ukiwa dukani pia huna haja ya kutoa mzigo melini kwa mikono, kuna kitufe cha kubadilisha kutoka mfuko wako kwenda stoo ya meli na unauza moja kwa moja. Hiki kimoja tu kingeniokolea wiki nzima ya mwanzo.

Haya, vita vya angani, ambavyo ndo vimewafukuza wengi. Watu wanapigana kama wako kwenye gari, wanakanyaga mwendo mpaka mwisho halafu wanashangaa adui yuko nyuma yao kila saa. Meli inakata kona vizuri zaidi mwendo ukiwa katikati, pale kwenye mita kuna sehemu imewekwa alama, adui akikuzunguka punguza mwendo uingie pale, geuka, mkute uso kwa uso, ndo uongeze. Cha pili ni umeme wa meli, ule unaogawa kati ya leza, risasi, makombora, injini, ngao na mtambo wa kuruka nyota. Kama huna mpango wa kukimbia toa umeme wote kwenye mtambo wa kuruka peleka kwenye ngao na silaha, ukimaliza vita unaurudisha, ni sekunde tatu. Leza zinakula ngao, risasi zinakula bodi, kwahiyo anza na leza mpaka ngao ya adui ife halafu badili, ukiwasha vyote pamoja tangu mwanzo unamaliza nguvu bure. Na nunua vifaa vya kutengenezea meli, vile unavyobonyeza meli inapona katikati ya vita, mimi sitoki bandarini bila vitano au sita.

Ila mazoezi mtu anafanyia wapi bila kufa? Hapa nina siri ambayo nimempa kila mtu aliyeniuliza. Ukiwa New Atlantis nenda jengo la MAST ujiandikishe UC Vanguard, jeshi la kujitolea la serikali ya mji huo, mtihani wao wa kuingia ni simuleta ya urubani, unapigana na meli za bandia, ukifa hufi. Zile unazoangusha mle ndani zinahesabiwa kwenye ile kazi ya Piloting. Weka pointi ya kwanza ya Piloting kabla hujaingia, kaa mle uangushe meli mpaka mikono izoee, unatoka na mtihani umefaulu na ngazi ya pili iko wazi. Mimi nilikaa usiku mzima mle na kesho yake wale maharamia watatu wa zamani niliwamaliza na ngao yangu haijafika nusu. Nilisimama kabisa kwenye kiti nikapiga makofi peke yangu saa saba usiku.

Piloting ngazi ya tatu inakuruhusu kuendesha meli za daraja B na ya nne za daraja C, kwahiyo usinunue meli kubwa kabla, huwezi kuikalia. Na kwa kweli mwanzoni usinunue meli kabisa, za bure ziko. Utakapoua wale wahuni wanaoitwa Spacers, angalia mifukoni mwao, ipo siku utakuta kibao cha ujumbe kinachoitwa Secret Outpost, kinakupeleka Denebola I-b kwenye maficho ya mtu anaitwa Mantis. Usiende ukiwa levo 5, subiri uwe na silaha ya uhakika, mimi nilienda levo 18. Ndani kuna sakafu ya herufi, ukikosea kukanyaga unapigwa, soma vile vibao vya ujumbe njiani utaelewa kwamba neno ni TYRANNIS, kanyaga herufi hizo kwa mpangilio. Ukitoka unatoka na suti nzuri sana na meli ya Razorleaf, bure. Nyingine ni Star Eagle, unapewa ukimaliza misheni zote za Freestar Rangers, walinzi wa sheria wa kule Akila City, na hizo misheni zenyewe ni tamu, zifanye hata kama hutaki meli. Kuteka meli za maharamia inawezekana, piga injini mpaka isimame, unganisha, ingia ua waliomo, lakini usitegemee utajiri hapo kwa sababu kabla ya kuuza lazima uisajili na gharama ya usajili inakula karibu hela yote.

Mpangilio wa misheni nauona hivi. Fuata stori kuu ya Constellation mpaka upate nguvu yako ya kwanza ya ajabu kwenye hekalu, usiishie kabla ya hapo. Kisha iache, nenda kwenye makundi, anza na Vanguard halafu Rangers, maana yanalipa, yanakupitisha miji yote, na unakutana na maadui wa saizi yako. Kwenye ramani kila mfumo wa nyota umeandikwa levo yake, heshimu hiyo namba. Ukirudi baadaye kwenye mahekalu, tafuta nguvu inayoitwa Personal Atmosphere, inakupa oksijeni kwa muda hata ukiwa umezidisha mzigo, ndo unaweza kukimbia na vitu vyako mpaka melini.

Mwanzoni kabisa unapotengeneza mhusika unaruhusiwa sifa tatu, na moja ni Kid Stuff, wazazi wako wako hai wanaishi New Atlantis na kila wiki kredit zako kidogo zinakatwa zinaenda kwao. Mtandaoni wengi wanaikimbia kwa sababu ya hayo makato. Mimi niliichagua bila kuwaza mara mbili. Makato yake ni 2% tu na hayazidi kredit 500, na ukiwatembelea wanakupa zawadi, wakati mwingine bunduki nzuri, hadi meli. Na hata wasingenipa kitu ningeenda tu, kuingia ile nyumba yao baada ya kutoka kwenye vita na kumkuta baba anafurahi kukuona, gemu nyingi nimecheza sijawahi kupewa kitu kama hicho.

Mengine nayapitia haraka. Lala kitandani kabla ya kuanza misheni, unapata 10% zaidi ya pointi za uzoefu kwa muda. Ile kazi ya kujenga vituo kwenye sayari iache mpaka uzidi levo 25, ina raha yake lakini inakula skili nyingi. Gari, REV-8, liliongezwa Agosti 2024, lipo kwa mafundi wa meli bandarini kwa kredit 2,500, nunua mapema sana, zamani tulikuwa tunatembea kwa miguu dakika kumi kufuata pango. Na Mei 2024 waliongeza mipangilio ya ugumu ambapo unachagua kila kitu kivyake, vita vya ardhini, vya angani, hadi hela za maduka, kwahiyo kama angani tu ndo kunakushinda punguza angani peke yake, hakuna aliyekukataza.

Kwa wenye PC hapa Dar: gemu inataka SSD (diski ya kasi), nafasi ya 125GB na RAM ya 16GB, usiiweke kwenye hadi diski ya kawaida, sauti inakatika na watu wanaongea midomo haichezi. Kwa bando la simu usijaribu, nenda kwa mtu mwenye faiba ukadanlodi kwenye diski yako, mimi nilienda Mikocheni na mashine nzima kwenye bajaji nimeipakata. Joto la Januari na Februari ni adui mwingine, fungua ubavu wa kesi, weka feni ya mezani, cheza usiku. Na kwa umeme wetu zoea F5, kitufe cha kusevu haraka, kabla ya kufungua mlango wowote, F5. Nikipata hela nanunua UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, ya dakika kumi, inatosha kusevu na kuzima taratibu.

Mwisho wa stori sitausema, ila ujue utafika mahali utaulizwa kama unataka kuvuka kwenda upande mwingine, na ukivuka meli zako, hela, silaha na vituo vyote vinabaki, unaondoka na levo, skili na nguvu zako. Ndo maana nasisitiza pointi kuliko mali. Mimi sijavuka. Pale kwenye meli yangu nakaa na Sam Coe, mwenzangu wa Constellation, na binti yake Cora, yule mtoto anapenda vitabu kuliko kitu chochote, ukiviokota kwenye vituo unamletea anafurahi kweli, na nikivuka meli hii inabaki. Ninavyo vitabu viwili kwenye stoo nilivitoa jana kwenye maabara moja, leo nikitoka kazini nampelekea kwanza.